Posho, Skonzi, Rolex, Smocha: Nani Aliipa Lanchi Yetu Majina?

Wasee, swali la leo ni rahisi. Ile kitu unakula saa saba mchana, nani aliipa jina?

Usikimbie kujibu. Simama mbele ya kibanda chochote karibu na steji ya Kitale usome kile kipande cha katoni kimeandikwa kwa kalamu nene: chapo dondo, ugali sukuma, githeri, rolex, smocha, mandazi, KDF. Halafu panda matatu, pitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye mpaka Bungoma mjini, usome kipande kingine. Orodha karibu ni ile ile. Sisi huiona kama menyu tu ya mtu aliyesota, tunalipa, tunakula, tunarudi kazini ama darasani.

Lakini haya majina hayakuota hapa kama kunde. Moja lilikuja na wapagazi wa misafara. Moja lilitoka India. Moja lilivuka mpaka kutoka Kampala. Na moja haliwezi kuwa kongwe kuliko Katiba ya 2010, nitawaonyesha kwa nini. Ukiyapanga kwa mpangilio wa miaka, unapata historia ya hii pande yetu kuliko ile tulikariri ya mtihani.

Na mimi nina hoja moja. Kwa muda mrefu sana, aliyeshika unga ndiye aliyetoa jina. Ni juzi tu mtaa ulipoanza kujitolea majina yake. Hebu tuanze mwanzo.

Posho: jina la mgao

Kuna neno unaliona kila siku bila kulisoma. Liko kwenye ukuta wa ile nyumba ya mabati yenye mashine inayonguruma, mahali ulitumwa ukiwa mtoto na gorogoro mbili za mahindi kichwani. Posho mill. Sasa jiulize, kinu kinasaga unga. Mbona kisiitwe kinu cha unga?

Kwa Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa mgao wa mpagazi. Kiongozi wa msafara alimpa chakula, ama kitambaa na shanga akanunue chakula njiani. Misafara hiyo kutoka pwani ilipita Mumias, hapo tu jirani na Bungoma, ikielekea Uganda. Neno likabaki njiani kama mizigo mingine mingi.

Halafu wakaja walowezi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa Waingereza waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na waliyapata kwa bahati nasibu, yaani unavuta karatasi unapata shamba. Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizogawiwa hivyo. Shamba kubwa linataka mikono, na mikono ilitoka kwa Waafrika, wengi wao wakilima ardhi ambayo wazee wao walikuwa wakichunga na kulima kabla karatasi hazijavutwa. Mshahara ulikuwa kidogo, na juu yake unaongezewa unga wa mahindi. Ule unga ndio posho. Mwajiri anapima, wewe unapanga foleni.

Kenya hilo neno lilibaki kwa kinu. Uganda lilienda mbali zaidi, likameza chakula chenyewe. Vuka mpaka pale Lwakhakha upande wa Bungoma, ama pale Suam upande wa Trans Nzoia, uagize ugali. Watakuletea, lakini wao wanaita posho. Mlima Elgon ni ule ule. Wamasaba wa upande ule na Wabukusu wa huku ni ndugu na wanasikizana lugha. Sahani ni moja pia. Tofauti ni kwamba upande mmoja wa mpaka, chakula cha mamilioni ya watu kinaitwa kwa neno lililomaanisha "hiki ndicho nimeamua upate."

Hiyo kitu hunikalia vibaya kila nikiifikiria.

Busuma: jina limebaki, chakula kimebadilishwa

Kukhu wangu wa Kimilili akisema busuma, anamaanisha ugali. Mjukuu wake akisema ugali, anaona mweupe kichwani. Lakini muulize kukhu kuhusu busuma wa kwa mama yake na atakwambia ulikuwa mweusi kidogo, wa wimbi, ambao kwa Lubukusu ni bulo. Ukiula asubuhi unalima hadi jua likuchoke wewe kabla njaa haijakuchoka.

Sasa angalia vizuri. Jina halijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kilicho ndani ya sufuria.

Mahindi meupe yalisukumwa na mashamba ya walowezi, na baada ya hapo sayansi ikamaliza kazi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, ikatoka mbegu ya H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya hapa Kitale na mahindi kutoka Ecuador, Amerika Kusini. Mavuno yalipanda, na wakulima wadogo waliichukua mbio kuliko vile wengi walidhani wangeichukua. Ndiyo maana leo Trans Nzoia inaitwa ghala la nchi. Silaumu mtu hapo, mahindi yamesomesha nusu ya watu ninaowajua.

Nasema tu kwamba jina linaweza kukaa palepale likificha mapinduzi mazima. Usiposema na kukhu, hutajua kitu kilibadilishwa.

Mkate: neno lililosafiri likapungua

Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Chukua neno mkate ulizungushe kwa majirani. Lubukusu ni kumukati. Dholuo ni makati. Gikuyu ni mugate. Luganda ni omugaati. Lugha hizo hazifanani, Dholuo hata si ya jamii ya Kibantu, lakini zote zimeazima neno lile lile kutoka pwani. Watu wakikopa jina, mara nyingi wamekopa na kitu chenyewe. Mkate wa ngano haukuwa wetu bara. Ulikuja na Kiswahili, kwanza kwa misafara, kisha kwa reli.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Sisi tulingoja. Tawi la Kitale lilifika mwaka 1926, na ile njia kuu ya kupitia Eldoret, Webuye na Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Ngano nayo ilishaanza kulimwa Bonde la Ufa. Lord Delamere aliijaribu Njoro na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Ndiyo, ile ile ambayo jina lake uliliona kwa pakiti jikoni. Mtu mmoja alichukua neno letu la kawaida kabisa, unga, akaligeuza jina la kampuni yake.

Lakini kuna jambo dogo watu wa bara hatulijui. Kule pwani, mkate ni familia kubwa. Kuna mkate wa kumimina, wa mchele. Kuna mkate wa sinia. Kuna mkate wa mofa, wa mtama, unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Kule Zanzibar kuna mkate wa ufuta. Mzungu alipoleta wake wa ngano uliojaa hewa, watu wa pwani walilazimika kuutafutia jina la kuutofautisha, na wazee wengi wakauita boflo. Huku kwetu neno lilifika likiwa limepungua, mkate mmoja tu: wa ngano, wa dukani, wa kukatwa slesi.

Kwa hivyo mtu wa Kitale akimcheka mtu wa Lamu kwa kuita kitu cha mchele "mkate", ajue ni sisi tulipewa nusu ya neno.

Na skonzi je? Ile duara laini, tamu kidogo, ya kula na chai ama soda ukiwa na haraka? Nenda Uingereza uagize scone. Utaletewa kitu kikavu cha kubomoka, cha kupakwa jemu na krimu. Jina ni la meza ya mlowezi, lakini kilicho ndani ni bani yetu ya hamira na sukari. Hapo angalau tulimjibu. Tulichukua jina tukaacha chakula.

Chapo: mgeni aliyekuwa Krismasi

Zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kujenga ile reli ya kwanza, na karibu 6,700 wakabaki baada ya kazi. Wengine walikuja wenyewe kufanya biashara, wakafungua maduka kila mahali reli ilipogusa, Kitale na Bungoma zikiwemo. Hata Khetia's, ile supamaketi ambayo watu wa magharibi wanaijua kama nyumbani, ilianzia Kitale, na jina la kampuni ni Khetia Drapers, yaani wauza vitambaa. Kutoka vitambaa mpaka mkate. Hiyo ni stori ya mji mzima kwa maneno mawili.

Chapati ilikuja na hawa watu pia, lakini tulivyoikaribisha ndivyo kitu cha maana. Ukiagiza chapati India, mara nyingi utapata nyembamba, kavu, ya kila siku. Yetu ina tabaka na mafuta, iko karibu zaidi na kile wao wanaita parotha. Na kwa miaka mingi haikuwa ya kila siku. Uliza mtu yeyote aliyekulia kijijini miaka ya themanini ama tisini. Chapo ilikuwa Krismasi. Ilikuwa ya mgeni. Ilipikwa kwa kuhesabiwa, na watoto walijua idadi kuliko mpishi.

Leo iko kibandani saa saba na dondo juu. Ilishukaje kutoka sikukuu mpaka Jumanne ya kawaida? Miji ilikua, unga wa ngano ukafika kila duka, na mtu wa mjengo akahitaji kitu cha kumshikilia mpaka jioni bila kungoja sima isongwe.

Githeri na binamu zake

Kabla tuvuke mpaka, nipe dakika moja ya mahindi na maharagwe. Kitale ni mji wa watu wa kila aina, na hii sahani inawapanga vizuri. Mkikuyu anaita githeri, na ndilo jina lililoshinda nchi nzima. Mjaluo anaita nyoyo. Waluhya wengi wanaita mahenjera. Mkalenjin anaita kwankwaniek. Mtanzania ataita makande. Sufuria moja, majina matano, na hakuna hata moja lililoletwa na mwajiri. Haya yalitoka jikoni, kwa sababu hakuna aliyehitaji kutufundisha kuchemsha mahindi na maharagwe.

Shida ni kwamba shuleni na kazini ni jina moja tu linaloandikwa ubaoni. Ukisema mahenjera mbele ya watu, kuna msee lazima acheke. Weka hiyo kando, nitairudia.

Rolex, KDF, smocha: mtaa unachukua kalamu

Sasa tufike enzi zetu.

Rolex ilizaliwa Uganda. Stori yenyewe ni fupi. Kampala, hasa pale Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, wanafunzi wenye njaa na pesa kidogo walinunua chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Kwa Kiingereza, mayai yaliyokunjwa ukiyatamka haraka haraka yanageuka kuwa jina la saa ghali ya Uswisi. Angalia ujanja huo. Chakula cha mtu asiye na pesa kikabeba jina la kitu ambacho hataweza kununua maisha yake yote. Wakubwa hawakulipitisha hilo jina, walilifuata. Mwaka 2016 Kampala ikafanya tamasha la rolex, na mwaka 2021 Waganda wakaingia kitabu cha Guinness kwa rolex ya zaidi ya kilo 200.

Ilivukaje kuja kwetu? Kwa njia zile zile za kila kitu: matatu, malori, madereva, ndugu walioolewa ng'ambo ya mlima. Bungoma na Kitale hazikungoja Nairobi iwafundishe rolex. Hapo sisi hatukuwa pembeni mwa nchi hata kidogo, tulikuwa mlangoni.

Ni hivyo hivyo na kikomando, chapati iliyokatwa vipande ikachanganywa na maharagwe. Ukiila unahisi umekuwa komando, ndiyo maana ya jina. Huku tunaita chapo dondo. Chakula kile kile, upande mmoja wanasifia nguvu, upande mwingine tunataja tu kilichomo.

Nguvu tuliisifia kwingine. KDF, ile andazi ngumu, nzito, iliyopasuka juu, ambayo ukiila na chai unasahau njaa mpaka usiku. Niliahidi kuwaonyesha umri wake. Kabla ya Katiba ya 2010 jeshi letu halikuitwa Kenya Defence Forces. Oktoba 2011 likaingia Somalia, na herufi hizo tatu zikawa kila redio na kila gazeti. Kwa hivyo msee aliyetazama andazi ngumu akasema "hii ni KDF" alisema hivyo baada ya hapo. Hakuna aliyemtuma. Alisikia habari, akatazama karai la mafuta, akaunganisha.

Smocha ndiyo ya mwisho, na ni yetu kabisa. Smokie ndani ya chapo na kachumbari juu, na jina limeshonwa kwa nusu ya hii na nusu ya ile. Ukichunguza utapata historia yote imejikunja humo: chapati ya Mhindi, soseji ya Mzungu, nyanya na kitunguu vya mama mboga wa soko la Chwele. Lakini jina limetoka kwa vijana wa steji. Kutoka posho mpaka smocha ni zaidi ya miaka mia moja, na safari yote ni hiyo moja: kalamu imetoka kwa anayepima unga ikaja kwa anayekula.

Halafu ikaja 2024

Kuna mtu atauliza, sasa hii inasaidia nini? Nitakwambia.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida, ambao ulikuwa hautozwi. Fikiria hapo. Miaka mia moja nyuma, mkate ulikuwa wa meza ya mlowezi na babu yako alipimiwa posho. Sasa mkate umekuwa kitu cha msingi kiasi kwamba kuugusa ni kugusa nyumba ya kila mtu. Na ngano yenyewe kwa sehemu kubwa tunaagiza nje. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, mtu wa Kamukuywa alilipia kwa kila slesi bila kujua Ukraine iko wapi kwenye ramani.

Tarehe 18 Juni 2024, serikali iliondoa pendekezo la ushuru wa mkate. Wengi wenu mnakumbuka kilichofuata wiki hiyo na wiki iliyofuata, na kwamba tarehe 26 Rais alikataa kutia sahihi mswada mzima. Mnakumbuka pia kuna vijana walitoka nyumbani wakiwa wameshika simu na bendera, na hawakurudi.

Wanasiasa walitufundisha "nusu mkate" mwaka 2008, Kibaki na Raila walipogawana serikali. Maneno hayo yalikuwa yao, na mkate walikuwa wakigawana wao. Mwaka 2024 ilikuwa mara ya kwanza naona mkate ukiongelewa na wale wanaoununua. Kizazi kilichotunga smocha kibandani ndicho kilisoma mswada kifungu kwa kifungu kwa simu. Mimi sioni hizo kama kazi mbili tofauti. Mtu aliyezoea kutoa majina huanza kuuliza maswali pia: hii ni nini, imetoka wapi, nani analipa?

Kwa hivyo mcheko ukome

Sasa nirudie yule msee aliyecheka mahenjera. Kucheka jina la chakula cha mtu ni kufunga faili ambayo hata hujaifungua. Ndani ya kumukati kuna reli. Ndani ya busuma kuna shamba la wimbi lililong'olewa. Ndani ya posho kuna foleni ya watu waliokuwa wakipimiwa chakula kwa ardhi yao wenyewe. Tukibaki na jina moja la kila kitu, lile la Nairobi ama lile la tangazo, tutakuwa tumerudisha kalamu tulikoitoa.

Na hao wanaojua majina ya zamani wanazeeka. Hiyo haina vitabu vya kutosha na haina muda wa kutosha. Kwa hivyo ukienda nyumbani wikendi hii, usiulize tu kama kuna chakula. Uliza kinaitwaje, kiliitwaje zamani, na nani alianza kukiita hivyo. Washa rekoda ya simu. Halafu uniandikie: kwenu mahindi na maharagwe mnaita nini, na andazi ngumu iliitwaje kabla haijaenda jeshini?